Risasi za Bwana Mluzi

Walipomshusha Anania kwenye machela, shuka lililofungwa kichwani likiwa limeganda damu, neno la kwanza lililosemwa pale uani halikuwa pole. Mama mkwe wake, Bibi Marta, alimtazama Nesta kuanzia miguu hadi kichwa, akauliza:

"Chumvi ulimpa nani?"

Nesta alikuwa ametoka kusaga, unga wa ulezi umemjaa mpaka viwikoni. Angeweza kusema hakumpa mtu. Jirani yake Elina asingemchongea, na watu wangetafuta mwingine wa kulaumu. Lakini Nesta hakujaliwa ulimi wa kupinda, na siku ile hakuona sababu ya kuanza kuukunja.

"Nilimpa Elina, mama. Binti yake kajifungua alfajiri, walitaka maji ya chumvi ya kumkandia."

Bibi Marta akaketi chini palepale, akaweka mikono kichwani, akaanza kumlilia mwanawe kilio cha msiba, na mwanawe anapumua, tena anaomba maji.

Mambo yenyewe ni hivi. Mwindaji akiwa porini, mkewe hagawi moto wala chumvi. Akigawa, amemgawa mumewe, na lolote litakalompata huko ni mkono wa mke. Watu wa pale Isansa walikuwa watu wa kanisa, Jumapili wanaimba mpaka bati linatetemeka, na mzee wa kanisa mwenyewe akienda kuwinda humkumbusha mkewe afunike kibuyu cha chumvi. Usicheke. Kila nyumba ina lake.

Na lililomchoma Nesta zaidi halikuwa kilio cha mkwewe. Wabeba machela walisema kwamba njia nzima, toka porini hadi kambi ya shamba, Anania alikuwa akiuliza swali hilohilo: nani katoa chumvi. Kwa hiyo lilianza kinywani mwa mumewe. Mama alilipokea tu.

* * *

Anania alikuwa mwindaji wa shamba la kahawa la mzungu mmoja aliyefika Mbozi baada ya vita vya pili. Mzungu huyo alikuwa na jina lake refu la kwao, lakini watu walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu aliita mbwa kwa mluzi na kuita watu kwa mluzi uleule. Ukiusikia hujui kama unaitwa wewe au mbwa, basi inabidi mkimbie wote, halafu yeye achague. Watu wazima wenye wajukuu walikimbia. Anania naye alikimbia, miaka sita.

Kazi yake ilikuwa kuwazuia nguruwe pori na nyani wasimalize mahindi ya shamba. Kwa kazi hiyo alipewa bunduki ambayo Isansa nzima ilikuja kuitazama. Haikuwa gobori la kushindilia baruti, wala ile ya komeo la kuvuta kwa mkono. Hii ilijikoki yenyewe. Ukifyatua moja, inatema ganda na kupakia nyingine kabla hujapepesa jicho. Maganda yake watoto waliyaokota wakayafanya filimbi. Jenista, binti wa Nesta wa miaka minane, alikuwa na matatu kwenye kamba shingoni.

Siku ya nne wauguzi wa hospitali ya misheni, alikolazwa tangu siku ya ajali, walimruhusu Anania arudi nyumbani. Jicho la kulia halikuwa la kurudi. Shavu lilikuwa limejaa vipande vidogo vya shaba, vingine wakavitoa, vingine wakasema vitatoka vyenyewe vikitaka. Alikuwa amekaa mlangoni anakunywa uji kwa mrija wa bua wakati nyapara wa shamba, Andongwisye, alipokuja na kofia yake mkononi.

Andongwisye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi kabla hajakosea. Alitoa pole ndefu, akauliza habari za watoto, akasifu ulezi ulioanikwa. Kisha akasema alichotumwa. Bwana anasikitika sana. Bwana amesikia kwamba ajali ile ni mambo ya mila, mke kavunja mwiko, na Bwana huwa haingilii mila za watu. Kwa huruma yake atatoa mbuzi mmoja wa kutakasia nyumba. Ila nyumba yenyewe ya kambini inatakiwa mwisho wa mwezi, maana kuna mwindaji mwingine anakuja.

"Na mshahara wa mwezi huu?" Nesta akauliza.

Nyapara akaigeuza kofia yake upande wa ndani, akaitazama kama jibu limeandikwa humo. Akasema bunduki ile nayo imeharibika, mama, na Bwana hajasema lolote juu ya bei yake, basi afadhali tusimkumbushe.

Jioni yake akaja Osea, kaka mkubwa wa Anania, msemaji wa ukoo. Alikaa kwenye kigoda, akazungumza taratibu, na kusema kweli hakutaka ubaya. Jumamosi ukoo utakaa kwa Bibi Marta. Nesta atasimama akiri, mbuzi atachinjwa, watanyunyiza, watakula, yaishe. Asipokiri, ukoo hauwezi kukaa na mwanamke aliyemtoa mumewe jicho na bado ana kiburi. Itabidi arudi kwao Ikinga, huko milimani Ileje. Watoto ni wa ukoo, watabaki.

"Kiri tu, mama Jenista," Anania akasema toka kwenye mkeka, bila kumtazama. "Mbuzi si wetu. Kiri yaishe."

Nesta alikuwa akifikiri juu ya yule mbuzi. Miaka sita Bwana Mluzi hajawahi kumpa mtu hata kuku aliyekufa mwenyewe. Leo anatoa mbuzi mzima kwa ajili ya chumvi.

* * *

Asubuhi yake alimfungia kazi mumewe. Alikaa mbele yake, akaliosha lile shavu kwa maji ya uvuguvugu, na kila alipokamua kitambaa alimwuliza swali moja. Mwanamume aliyeshikwa uso hana pa kukimbilia.

Ilikuwaje? Ilikuwa nguruwe watano, wanakula upande wa bondeni. Alifyatua ya kwanza, bunduki ikampiga teke ambalo hajawahi kulipata. Ya pili, akafyatua, moto ukarudi nyuma usoni.

Na ilishawahi kufanya hivyo? Haijawahi. Miaka miwili haijawahi.

Nini kilichobadilika? Anania akasema risasi zilibadilika. Za zamani ziliisha mwezi uliopita. Bwana alipewa boksi jipya na rafiki yake wa ng'ambo ya mpaka, huko Rhodesia, likapitia Tunduma kwenye lori la chumvi ya magunia. Anania alipozishika tu, vidole vilimwambia zimejaa mabegani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea kichwani. Alimwambia Bwana. Bwana akazitazama, akasema ni zilezile, akampigia mbwa mluzi wakaondoka.

"Nawe ukaenda nazo porini."

"Nikaenda nazo. Ningefanyaje?" Kisha yakamtoka mengine. Bunduki ya komeo la mkono ingemwambia. Risasi isiyo yake ukiisukumia ndani, komeo linagoma, mkono unahisi, unaitoa. Babu zake waliwinda na mkono unaohisi, naye alijifunza hivyohivyo. Ile ya Bwana haiulizi mkono. Springi inaibamiza risasi yenyewe, ikifika haijafika, huna habari. "Nilikuwa nasubiri mkono uniambie," akasema. "Mkono haukuwa na kazi."

Nesta aliona aibu ya mumewe, akaelewa kwa nini aliikimbilia chumvi njia nzima. Mtu aliyeona hatari na bado akatii amri anaomba kosa liwe la mwingine, hata la mkewe. Alimhurumia, na papo hapo alitamani kummwagia yale maji ya karai. Hakummwagia.

"Zimebaki ngapi?"

Zilibaki tano, kwenye mkoba ulioning'inia ukutani. Andongwisye alichukua bunduki, mkoba hakuukumbuka. Nesta alizitoa akaziweka juu ya jiwe la kusagia, akamwita Jenista avue filimbi zake. Nesta mwenyewe alikuwa amesoma darasa la misheni kule Ileje mpaka kuhesabu. Kwenye kitako cha maganda ya zamani kulikuwa na namba, na kwenye kitako cha hizi tano kulikuwa na namba. Hazikuwa moja.

Lakini namba, nani atazisoma pale kwa Bibi Marta? Osea angesema ni tarakimu za kizungu, na mambo yangerudi kwenye chumvi.

"Hili ganda lililokwisha pigwa," akamwuliza Anania, "lina umbo la nani? La risasi, au la bunduki?"

Anania akageuza jicho lake moja. "La bunduki. Moto unalitanua, linajaza chemba, pale risasi inapolala. Likitoka, limekuwa na umbo la hapo."

"Basi chemba ya bunduki tunayo hapa, shingoni mwa mtoto."

* * *

Nesta alijaribu kwanza kuiunda chemba hiyo kwa udongo wa kukandikia, maana ndio ulio karibu na mkono wa mwanamke. Alilikandamiza ganda, akaliacha juani, na kesho yake udongo umesinyaa na kupasuka, hata ganda lenyewe haliingii. Akajiita mjinga kwa sauti. Miaka kumi anasiliba nyumba, asijue kuwa udongo ukikauka unajikunja.

Ijumaa akachukua nta. Anania alikuwa na mizinga mitatu, na nta ilikuwepo, donge la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Alikata kipande cha mwanzi kilicho wazi pande zote. Akalipaka ganda moja samli, akalichomeka kijiti mdomoni cha kushika nafasi ya kichwa cha risasi, akalisimamisha ndani ya mwanzi. Akayeyusha nta, akaimimina pembeni polepole. Anania alimshikia mwanzi. Mikono yake ilikuwa mizima, na kwa mara ya kwanza tangu machela ilikuwa na kazi.

Ilipopoa, Nesta alilizungusha ganda, likatoka safi. Akaingiza la pili, lile la filimbi nyingine, likazama mpaka kitako kikalala sawa na ukingo. La tatu vilevile. Kisha akachukua risasi moja ya boksi jipya, akaisukuma kwa kidole gumba, taratibu. Ikasimama. Kitako kilibaki nje, kimo cha ukucha.

Anania aliitazama ile nafasi ndogo kwa muda mrefu sana, halafu akashika shavu lake.

* * *

Jumamosi ukoo ulijaa uani kwa Bibi Marta. Wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, na Elina amekaa nyuma kabisa amejifunika kanga, anajisikia mshtakiwa wa pili. Andongwisye alifika na mbuzi wa Bwana, dume jeusi, akamfunga kwenye mti wa uzio. Mbuzi akaanza kula majani ya maboga ya Bibi Marta, na hakuna aliyemkemea, kwa kuwa alikuwa mbuzi wa mzungu.

Osea akafungua kwa sala. Kisha akamtaka Nesta asimame aseme.

Nesta alisimama na mwanzi wake mkononi.

"Chumvi nilitoa," akasema. "Sikatai. Binti wa Elina alikuwa anatoka damu ya uzazi na nyumbani kwao hamna chembe ya chumvi. Ningeombwa leo, ningetoa tena."

Minong'ono ikapita mikekani. Bibi Marta alitazama pembeni. Osea akanyoosha mkono watu watulie, akasema basi amekiri, tumshukuru Mungu.

"Sijamaliza, shemeji."

Akamwita Jenista, akamvua filimbi mbili, akamwekea Osea kiganjani. Akaeleza kwa maneno machache ganda ni nini, na mwanzi ule una nini ndani. Akamwomba aingize. Osea akaingiza, likazama. Akaingiza la pili, likazama. Kisha akampa risasi tano, akamwambia hizi ndizo Bwana alizompa mdogo wako aende nazo porini. Achague anayoitaka.

Osea akachagua, akasukuma. Akageuza akasukuma tena. Akaweka ile, akachukua nyingine, na uso wake ukaanza kubadilika. Mwanzi ukazunguka toka mkono hadi mkono, kila mwanamume akitaka kuwa yeye ndiye atakayeweza, na kila mmoja akiupitisha kwa jirani.

Andongwisye akakohoa. Akasema kwa upole kwamba nta ni kitu laini, mama, mtu anaweza kuifanya atakavyo.

"Basi uifanye atakavyo Bwana," Nesta akasema, akamkabidhi. "Iingize."

Nyapara aliushika ule mwanzi, hakuingiza kitu. Alikuwa amewaona wenzake.

Hapo Nesta akageuka kuukabili ukoo wote, na sauti yake ikapanda, kwa sababu siku nane alikuwa ameimeza. "Nyinyi mniambie. Chumvi yangu ndiyo iliyozinenepesha hizi? Nilipompa Elina ile konzi, ilitoka jikoni kwangu ikavuka mpaka Rhodesia, ikaingia kwenye boksi, ikabadilisha namba? Na mzungu huyu, asiyejua hata jina la mume wangu, anayemwita kwa mluzi, tangu lini anaogopa mwiko wetu mpaka atoe mbuzi? Miaka yote hiyo nani aliwahi kuona mbuzi wake? Nikikiri leo mkamla, mtakuwa mmekula jicho la Anania, na yeye atajifuta mdomo."

Anania alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisimama kwa kushika nguzo.

"Nilimwambia Bwana kuwa si zenyewe," akasema. "Alinidharau, nami nikanyamaza, nikaenda. Kwenye machela niliwauliza habari ya chumvi kwa sababu niliona haya kusema hilo. Mke wangu hana kosa kwangu."

Alikaa. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya kaka yake.

Sasa macho yote yakawa kwa Bibi Marta, maana yeye ndiye aliyeanza kulia. Bibi akanyoosha mkono, akapewa mwanzi na risasi. Alisukuma kwa kidole chake kilichopinda. Aliutikisa, akauchungulia, akasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akaweka vyote chini, akafuta samli kwenye kanga.

"Mfungueni huyo mbuzi," akasema.

Vijana wawili wakainuka, mmoja tayari anatafuta kisu. Bibi Marta akamnyang'anya kamba, akaenda nayo mpaka alipo Nesta, akamwekea mkononi.

"Mrudishe alikotoka. Hatukumwomba, na amekwisha nimalizia maboga. Habari ya chumvi tutaisema mimi na wewe siku nyingine."

"Sawa, mama," Nesta akasema.

* * *

Aliondoka na mbuzi, na Anania akaondoka naye, kitambaa jichoni. Osea akatafuta fimbo yake, akafuata. Elina akafuata. Mwisho hata Bibi Marta, aliyesema magoti yanamuuma, alikuwa njiani na wengine. Andongwisye alitembea katikati yao, hajulikani anawasindikiza au wanamsindikiza.

Walipita katikati ya mibuni mpaka kwenye nyumba kubwa. Wanawake waliokuwa wakigeuza kahawa juani waliacha mikono hewani. Mpishi akatoka kibarazani, akasema Bwana anakunywa chai, wasubiri nyuma, jikoni. Nesta akasema atasubiri hapohapo mbele. Akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza, nguzo iliyopakwa rangi nyeupe.

Walisubiri. Jua likahama toka ngazi ya kwanza hadi ya pili. Ndani walisikia kijiko kikigonga kikombe, kwa hiyo yeye naye aliwasikia, maana mbuzi hakunyamaza hata kidogo.

Nesta akamwinamia Jenista, akamvua filimbi moja shingoni. Andongwisye alisema taratibu, "Mama, usifanye hivyo." Nesta akaliweka ganda mdomoni akapuliza.

Mlio ulitoka mwembamba na mrefu. Mbwa wa Bwana akaja mbio toka nyuma ya nyumba, akasimama, akashangaa. Nesta akapuliza tena. Kule kwenye kahawa mtu mmoja akacheka akajiziba mdomo. Akapuliza mara ya tatu, na mara hii hakuacha mpaka mlango ulipofunguka na Bwana Mluzi akatoka nje, kitambaa cha chai bado kifuani, amekuja kwa haraka ya mtu aliyeitwa.

Alitazama mbuzi, akatazama watu, akamtazama mwanamke mwenye ganda mdomoni. Shamba zima lilikuwa limeona alivyotoka.

"Nini hii?" akauliza. "Wewe nataka nini?"

Nesta alipanda ngazi mbili, akaweka mwanzi juu ya meza ya kibarazani, na kando yake akazipanga risasi tano.

"Hizi zako, Bwana. Mwanzi huu ni tumbo la bunduki yako. Chagua moja uingize."

Bwana alimtazama Andongwisye. Andongwisye alimtazama mbuzi. Bwana akachukua risasi moja, akaitia kwenye nta, akasukuma. Akaitoa, akakisoma kitako chake karibu na macho, na rangi ya shingoni ikapanda mpaka masikioni. Hakujaribu ya pili.

"Nyingine tumeziacha nyumbani kwa shemeji," Nesta akasema, na huo ulikuwa uongo wake wa pekee katika mambo haya yote, "na Jumatatu tunakwenda nazo bomani Mbeya, tukaonane na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Au tusiende. Ni wewe."

Akavuta kiti cha kibarazani, kiti ambacho mtu mweusi hajawahi kukikalia pale, akamkalisha Anania. Yeye akabaki amesimama kando, mkono begani kwa mumewe.

"Sasa," akasema, "tuzungumze habari ya jicho."